Nilikwenda Mulungwishi

Jumapili, 9 Novemba

Colette amenipigia simu baada ya ibada. Tulisoma pamoja shule ya ualimu, sasa yeye ni mchungaji kule Mulungwishi, na kila akinipigia huanza kwa kucheka kabla hajasema neno. Leo hakucheka.

"Delphine, mwezi wa kumi na mbili kuko semina ya viongozi wa makanisa hapa kwetu. Makanisa yote, si letu tu. Nimekuandikisha."

"Umeniandikisha bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema kwanza unaenda kumuuliza Pasta wako."

Ni kweli, na ndivyo nilivyofanya. Pasta Ghislain alikuwa bado mlangoni akiaga watu. Ndiye mchungaji wetu hapa Kakontwe. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, na sauti yake haihitaji mikrofoni. Mimi ni mwinjilisti chini yake. Ninaongoza akina mama, ninatembelea wagonjwa, ninahubiri Jumapili moja kila mwezi. Siku za kazi ninafundisha darasa la nne.

"Mama Delphine," alisema, "weye iko na Roho Mutakatifu ao hapana?"

"Niko naye, Pasta."

"Basi ile semina itakuongezea nini?"

Akaendelea kwa upole, ule upole unaoniudhi kuliko kelele: "Kule banaendaka kuiba kondoo, mama. Unaenda na kanisa moja, unarudia na makanisa tano mu kichwa. Hapana. Bakia."

Bakia. Hata wanafunzi wangu nikiwaambia bakia, huwa ninawaeleza sababu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Darasa linavuja. Nimefundisha kuzidisha huku nikisogeza madawati.

Jumapili, 16 Novemba

Amehubiri juu yangu bila kunitaja. "Kuko batu banatafuta maarifa mu mikutano, banaacha magoti!" Benchi zima la mbele liligeuka kuniangalia. Mzee Barnabé aliitikia amina kubwa kuliko wote. Yeye ni mzee wa kanisa, anavunja mawe kwenye machimbo ya chokaa pamoja na mume wangu Guy, na neno lake kanisani lina uzito kuliko la Pasta mwenyewe, ingawa hakuna anayelisema hilo.

Tulipotoka, Mama Berthe alinishika mkono. Ni shangazi wa Barnabé, dada ya marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama akiwa hajaota meno. Sasa ni kikongwe, anapika munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kukiuza mbele ya nyumba yake.

"Mwalimu," alininong'oneza, "kama minye ningekuwa na magoti yako, ningeenda."

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemwambia Guy kwamba ninataka kwenda. Alikuwa anavua viatu, vyeupe kwa tope la chokaa.

"Minye sikukatazi. Lakini uyue, ukienda, Ghislain atakuondolea mahubiri."

"Aondoe."

"Na utalia."

"Nitalia nikiwa nimekwisha kwenda."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema ataomba gari la rafiki yake linifikishe.

Jumanne, 2 Desemba

Nimekwenda kumwarifu Pasta kwamba kesho ninasafiri. Sikuomba ruhusa, nimemwarifu tu. Akatazama dari.

"Basi mimbari hutaigusa tena."

"Mimbari ni mbao, Pasta."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Mkewe, Estelle, alikuwa anapepeta unga mlangoni. Ungo ulisimama mikononi mwake. Nikatoka. Njiani niliogopa sana, lakini sikujuta hata kidogo.

Jumatano, 3 Desemba, Mulungwishi

Watu wengi. Suti, kola za kichungaji, na vikwembe, vitenge vya makanisa ya kila rangi. Nimejiona mdogo. Kila mtu anajitambulisha kwa cheo: askofu fulani, mtume fulani, daktari fulani. Nilipofikiwa nikasema, "Delphine, wa Kakontwe," nikakaa.

Tumelala wanawake wote katika bweni moja. Mama mmoja wa Kakanda anakoroma kama lori lililopakia mawe. Ugali wa bukari mzuri, sombe ya majani ya muhogo nzuri, samaki mdogo.

Alhamisi, 4 Desemba

Niandike ukweli: si yote mazuri. Asubuhi mhubiri mmoja kutoka mbali alipiga kelele juu ya mafanikio hadi mishipa ikamtoka shingoni, na nilitoka vile nilivyoingia. Nikajisemea kwamba Ghislain angefurahi kuniona sasa.

Lakini mchana walitugawa katika vikundi vidogo, kila kikundi kwenye veranda yake. Nilisema mwanamke aliyeachwa na mumewe asipewe kazi kanisani mpaka mambo yatengenezwe. Mama wa Kakanda, yule mkoromaji, akanipinga papo hapo: "Na kama bwana ndiye aliyeharibu, mama anangojea nini?" Nikamjibu kwa Maandiko, akanijibu kwa Maandiko. Tulibishana hadi chai ikapoa, na jasho likanitoka. Mwishowe akanipa kiazi chake, akasema, "Kula, adui yangu."

Nimelala kitandani ninajiuliza: tangu lini nimepata mtu wa kubishana naye juu ya kazi hii bila kuogopa kesho yake? Kakontwe nikibisha, nimeasi. Nikikubali, nimepotea. Hapa nimebishana, na nimepewa kiazi.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo ndiyo siku niliyoijia, ingawa sikujua.

Aliyefundisha ni Pasta Kabongo wa Kambove, mzee mfupi, koti limemzidi. Somo lake lilikuwa kilio, yaani matanga. Nilidhani atafundisha namna ya kuhubiri mazishini. Hapana. Alisema: "Mukikuya ku kilio, neno la kwanza njo linabakia. Mutu akisema 'ni udongo ulianguka,' batu batatafuta jembe. Mutu akisema 'kuko muntu alimukula kwa uchawi,' batu batatafuta muntu. Na siku zote banapata mama muzee." Kila mmoja wetu alikuwa anamwona mama mzee fulani.

Alituonyesha kazi hatua kwa hatua, kama fundi. Fika mapema, kabla ya maneno. Kaa karibu na baba wa marehemu, usiondoke hata kama hakutaki. Tafuta mtu anayejua chanzo cha kifo akiseme wazi, mbele ya wote. Na kama jina limekwisha kutajwa, usimtetee mama yule kwa mbali. Nenda ukakae naye. Uso wako uonekane karibu na uso wake.

Kijana mmoja mchungaji akauliza: "Na kama kanisa langu lenyewe njo linamushitaki?"

"Utatuita," Kabongo alisema. "Tutakuya."

Watu wengine walicheka. Yeye hakucheka. Akaanza kupitia safu kwa safu akitaka namba za simu zetu.

Jumamosi, 6 Desemba

Asubuhi ya kuagana. Colette alinivuta pembeni, chini ya upenu wa kanisa, mvua ikiturukia miguuni. Aliniuliza jambo ambalo miaka yote ya uinjilisti sijaulizwa: "Delphine, weye unaombea batu bote. Nani anakuombea weye?"

Nilifungua kinywa nikataka kusema Guy. Guy anasali kabla ya kula, basi. Nikalia. Alisimama nami hadi nikamaliza, bila kunipa mstari hata mmoja wa Biblia.

Pasta aliniuliza semina itaniongezea nini. Sasa ningemjibu: nimeongezewa watu.

Jumapili, 7 Desemba

Nimekaa benchi la nyuma. Ghislain ametangaza kwamba nimepumzishwa. Barnabé aliitikia amina. Niliimba kwa sauti kuliko kwaya nzima. Mwili umechoka, lakini kuimba hawajanikataza.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Hawakunipa hata somo la kusoma. Mama Berthe ameniletea munkoyo.

Jumanne, 6 Januari

Ricky, mtoto wa pekee wa Barnabé, amekwenda Kakanda kuchimba madini. Ana miaka ishirini, mwembamba, fundi wa redio. Anasema redio hazilishi mtu tena. Nilimkuta akiaga kwa Mama Berthe. Tulikuwa wengi pale tunakunywa.

Mama Berthe alimshika mashavu kwa mikono yote miwili. "Ricky, mutoto wangu, usiende na hii mvula. Udongo umekunywa maji. Utafia mule!"

"Bibi, nitarudi na kikwembe chako," alisema, akambusu kichwani, akaondoka anapiga mluzi.

Jumanne, 13 Januari

Mvua, mvua, mvua. Shule imefungwa. Barabara ya sokoni imekuwa mto.

Jumatano, 14 Januari

Shimo la madini limeanguka upande wa Kakanda. Wamekufa vijana kadhaa. Ricky ni mmoja wao.

Nilisikia kwa Guy, aliyerudi kutoka kazini mchana akiwa na kofia ya Barnabé mkononi. Barnabé alipopokea simu alikimbia, kofia ikamwanguka, na Guy hakuweza kumfikia.

Nikakumbuka: fika mapema. Sikubadilisha hata kikwembe. Nilifika kwa Barnabé kabla ya turubai kufungwa, nikakaa chini karibu naye. Alinitazama kama hanijui. "Weye si umefukuzwa?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. Nikabaki.

Watu walipojaa, nilimwomba Guy aseme. Guy si msemaji, lakini alisimama. Alieleza namna udongo unavyoshiba maji, namna ukuta wa shimo usiotegemezwa kwa mbao unavyotoa ufa mwembamba kwanza, halafu unashuka wote kwa pamoja. "Ni mvula na ni udongo," alisema. "Si kingine." Wanaume wa machimbo wakatikisa vichwa kwamba ndivyo.

Niliamini neno la kwanza limesemwa.

Jumapili, 18 Januari

Limesemwa la pili.

Tulizika jana. Leo, ibada ikiwa katikati, Barnabé alisimama akaomba nafasi. Macho yake yamezama, ndevu zimemjaa. Alizungumza taratibu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Alimwambia 'utafia mule.' Alisema mbele ya batu. Na mutoto alikufia mule. Munataka minye nifikiri nini?"

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mama Berthe alikuwa benchi la tatu. Walioketi karibu naye walisogea, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki peke yake kama jiwe mtoni. Nilitoka nyuma nikaenda kukaa karibu naye. Mkono wake ulikuwa baridi.

Ghislain alifuta jasho. Akatangaza maombi ya kufunguliwa, siku ya Ijumaa. Mama Berthe ataletwa kanisani, atabaki humo bila kula hadi aungame uchawi.

Kikongwe yule. Bila kula!

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda nyumbani kwa Ghislain nikiwa na maneno makali tayari. Nilimkuta anahamisha mabeseni. Nyumba yake inavuja kuliko darasa langu. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Pasta, unayua yule mama hana kosa."

Alihamisha beseni jingine.

"Unayua!"

"Mama Delphine, Barnabé njo nguzo. Nikikataa, nusu ya kanisa itaondoka naye. Halafu batasema Pasta anakaa na bachawi. Minye ni mugeni hapa, sina jamaa, sina mukubwa wa kuuliza." Aliweka beseni chini, maji yakamrukia. "Tangu nilifika Kakontwe, hakuna hata muntu moja aliniuliza: Pasta, weye unaamkaje?"

Hasira yangu haikuondoka, ila ilibadilika sura. Nilikuwa nimemwona kama ukuta. Kumbe ni mtu aliyejificha nyuma ya ukuta, anaogopa, na sauti yote ile ni ya kujipa moyo. Nilimwambia, "Kule ulikonikataza kwenda, hilo njo swali banaulizana kila asubuhi." Alinigeuzia mgongo.

"Ijumaa nitakuwapo," nikasema.

"Nitakufukuza mbele ya batu bote."

"Utanibeba basi. Sitatembea."

Estelle alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake.

Jumatano, 21 Januari

Guy na mimi tulizunguka nyumba za wazee wa kanisa mmoja mmoja. Wawili hawakutufungulia. Mmoja alisema, "Ni maombi tu, mwalimu, maombi hayaui." Nikamuuliza: na njaa? Akafunga mlango taratibu.

Tumekwenda pia kwa mkuu wa mtaa. Amesafiri, wanasema. Amesafiri huku redio yake inaimba ndani.

Nikampigia Pasta Kabongo. Nilikuwa na hasira hata na yeye. "Mafundisho yako hayafanyi kazi! Nilifika kwanza, nilikaa na baba, bwana wangu alisema wazi habari ya udongo. Jina limetajwa vilevile!"

Nilisikia mvua ya Kambove kwenye simu.

"Sikusema yatafanya kazi, mama," akasema. "Nilisema tutakuya. Ni siku gani?"

Ijumaa, 23 Januari

Mkono umechoka lakini niandike yote.

Asubuhi nilikwenda kumchukua Mama Berthe mwenyewe, kabla vijana hawajafika. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha Jumapili na amefunga kitambaa vizuri. "Kama banataka kunitazama, banitazame musafi," alisema. Tulitembea polepole, mkono wake umeshika wangu. Watu walisimama milangoni. Niliwasalimia kila mmoja kwa jina, kwa sauti, ili aliyekuwa hataki kuitikia ajulikane.

Kanisani waliweka kiti kimoja katikati. Nikamketisha. Nikaenda nikavuta benchi, miguu yake ya chuma ikakwaruza sakafu na watu wakaziba masikio, nikaliweka karibu na kile kiti, nikakaa.

"Mama mwinjilisti," Ghislain alisema, chupa ya mafuta mkononi, "toka pale."

"Sitoki."

"Ninakuamuru mu jina la—"

"Usilitumie jina hilo kwa kazi hii, Pasta. Sitoki."

Vijana wawili walinijia. Guy alisimama katikati ya njia. Ana mikono ya mvunja mawe. Wakasimama.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Colette aliingia kwanza, amelowa hadi nywele. Nyuma yake Kabongo na koti lake, na mama wa Kakanda, na wengine wa semina ambao majina yao nilikuwa nimekwisha kuyasahau: kola, vikwembe vya kila rangi, viatu vinatoa maji. Hawakuimba, hawakukemea. Walipita katikati wakaja kukaa: wengine kwenye benchi langu, wengine chini, wakamzunguka Mama Berthe kama watu wanaoota moto. Mama wa Kakanda alinisukuma kwa kiuno. "Sogea, adui yangu."

"Banani hawa?" Ghislain aliuliza. Sauti ilikuwa imempungua.

"Ni sisi ba semina," Colette alisema. "Tumeletwa na mvula."

Watu walianza kunung'unika. Nilimwomba Kabongo ahubiri, awanyamazishe. Hakuhubiri. Aliinuka kwa shida, akageukia Barnabé.

"Baba, minye sikumuyua mutoto wako. Tuambie alikuwa muntu gani."

Barnabé alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa swali hilo. Halafu akaanza. Alisema Ricky alizaliwa na mguu mmoja umepinda, na aliyeunyoosha kwa mafuta ya mawese, kila asubuhi, hadi mtoto akatembea, ni... Akakwama. Alikuwa amelifikia jina la shangazi yake kwa njia ambayo hakuitazamia.

Mama Berthe alisema kwa niaba yake: "Ni minye. Na nilisema 'utafia mule,' nilisema kweli. Nilimwogopesha ili abakie. Hakubakia. Barnabé, kama unataka nikufe njaa humu ndani, niko hapa. Lakini balete mukeka, kiti hiki kinaniumiza mifupa."

Mtu mmoja alicheka, kisha akalia.

Ghislain alikuwa bado amesimama na chupa yake. Mlango wa pembeni, ule wa kwenda nyumbani kwake, ukafunguliwa. Estelle aliingia. Sijawahi kumsikia akisema kanisani zaidi ya amina. Alikuwa amebeba sinia: bukari inafuka moshi, mboga, maji ya kunawa. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akapiga magoti mbele ya Mama Berthe, akammiminia maji mikononi.

"Kula, Bibi."

Mama Berthe alimega tonge, akachovya, akala. Kanisa zima lilimtazama akitafuna. Mfungo wao ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyekuwa na neno la kuurudisha.

Ghislain aliketi kwenye ngazi ya mimbari, akaweka chupa kando, akajifunika uso. Kabongo alikwenda kukaa karibu naye. Sijui walisemezana nini. Niliona tu mabega ya Ghislain yakitetemeka. Barnabé alitoka nje kwenye mvua bila kofia.

Jumamosi, 24 Januari

Nimelala hadi saa nne. Guy amepika.

Jumapili, 8 Februari

Mtu asidhani yamekwisha. Familia kadhaa zimehama kanisa. Wazee wamemkalia Ghislain: mwinjilisti aliyeleta wageni kuaibisha kanisa asimame mbele ya watu aseme alifanya kosa kwenda semina, ndipo atarudishiwa mahubiri. Ghislain alinieleza kwa aibu, macho chini. "Sema neno moja tu, mama. Yaishe."

Nilisimama leo. Nilivaa kikwembe changu kizuri.

"Nimeambiwa niseme nilifanya kosa kwenda Mulungwishi," nikasema. "Nilikwenda. Nilikwenda bila ruhusa, na nilipata huko watu wa kunibishia, wa kunifundisha na wa kuniombea. Ijumaa ile mliwaona. Bila wao, leo tungekuwa tunazika kikongwe, na sisi sote tungekuwa tumemwua tukiimba. Sikufanya kosa kwenda. Mwezi wa tatu kuna semina nyingine Kambove, na nitakwenda. Anayetaka kuja, nafasi iko."

Nikarudi benchi langu la nyuma. Hawakunirudishia mimbari. Mzee mmoja alisema mimi ni kichwa kigumu. Darasa la nne pia wananiita hivyo.

Jumapili, 15 Februari

Mahubiri ya Ghislain yamekuwa mafupi. Leo, akiaga watu mlangoni, alinishika mkono akauliza, "Mama Delphine, unaamkaje?" Nilimjibu kwa kirefu makusudi. Alisikiliza hadi mwisho.

Jumatano, 25 Februari

Estelle amenijia shuleni. Anataka kwenda Kambove nami. Nikamuuliza Pasta amesema nini.

"Hajanikataza. Hajanikubalia. Aligeukia ukuta."

"Na weye?"

"Nimekwisha kufua nguo."

Jumatano, 4 Machi

Kesho alfajiri tunaondoka, Estelle na mimi. Mvua za mwisho zina hasira. Usiku kucha zimepiga, na asubuhi nilisikia kwamba maji yameingia kwa Mama Berthe. Nikaacha kufunga mzigo, nikakimbia.

Barnabé alikuwa pale.

Tangu ile Ijumaa hajakanyaga kanisani, na hajapita hata mbele ya nyumba hii. Kwenda kazini anazunguka njia ya juu. Sasa alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kwenye vifundo vya miguu, na sururu ya machimbo, anachimba mfereji kuzunguka ukuta. Tope jeupe limemjaa hadi kifuani. Hakuinua kichwa nilipopiga hodi. Mama Berthe alikuwa mlangoni, kwenye kigoda, miguu ameipandisha juu ya tofali, anamtazama.

Nilingoja Barnabé aseme kitu. Hakuomba msamaha, na Mama Berthe hakuudai. Alichimba tu, anapumua kwa nguvu, na kila aliposhusha sururu kitu kama kilio kilimtoka kifuani, lakini hakusimama. Maji yakaanza kugeuka, kwanza kidogo, kisha yote, yakaufuata mfereji kuelekea barabarani.

"Chimba murefu zaidi pale ku kona," Mama Berthe alisema. "Maji iko mingi."

Barnabé akasogea kwenye kona, akachimba. Nikapandisha kikwembe changu magotini, nikachukua koleo.